NJIA YA NDOVU HAIJUI MPAKA

Chukueni ramani ya nchi yetu, mkaweke kidole penye Kilwa Kivinje. Kipelekeni kidole taratibu upande wa machweo mpaka Liwale, kisha kiteremsheni kusini, kupita Nachingwea na Masasi, mpaka kifike Mto Ruvuma. Ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Mtu akitaka kuvuka hapo yampasa kuwa na hati mkononi. Ndovu hana hati wala haulizwi. Huvuka maji yakipungua, akala ng'ambo, akarudi apendapo, maana njia ile aliifahamu mama yake, na bibi yake kabla ya mama.

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya kazi kubwa ya kuitunza njia hiyo. Ni kazi ya nchi mbili, nayo inawagusa ninyi mnaolima Kilwa, Liwale na Lindi kuliko wanavyoguswa watu wa mjini wanaoisoma katika vitabu.

Nchi yenyewe

Upande wetu liko pori la Selous, ambalo kabla ya kugawanywa lilikuwa na ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 50,000. Mwaka 2019 sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Upande wa Msumbiji liko pori la Niassa, ambalo Wareno walilitenga mwaka 1954, lenye kilometa za mraba kama 42,000. Katikati ya mapori hayo mawili ipo nchi ya kilometa 160 na zaidi ambayo si hifadhi tupu. Ni vijiji, mashamba, misitu na mito. Njia moja ya wanyama hupita Namtumbo na Tunduru. Nyingine hupita Liwale, Nachingwea na Masasi, ikishuka Ruvuma karibu na mapori madogo ya Msanjesi na Lukwika-Lumesule.

Basi fahamuni jambo hili: mapori mawili makubwa yakikatwa kati kwa mashamba na barabara, kila moja huwa kama kisiwa. Wanyama wa kisiwa kimoja wakipungua kwa ukame, ugonjwa au bunduki, hakuna wengine wa kuja kujaza nafasi. Njia ikiwa wazi, upande mmoja humsaidia mwenzake. Ndiyo sababu ya kuitunza.

Barabara ya pembe na ya damu

Wazee wa Kilwa hawahitaji kuelezwa kwamba nchi hii ni barabara. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Ziwa Nyasa, ikapita katika nchi ya Wayao na ya Wangindo, ikaishia Kilwa Kivinje. Mabegani ilibeba pembe za ndovu, na wabebaji wengi walikuwa wenyewe watumwa wa kuuzwa. Pembe na mtu viliuzwa katika soko moja. Tusisahau hayo tunaposikia habari za biashara ya pembe.

Katika nchi hiyo hiyo, karibu na Liwale, Askofu Cassian Spiss wa Shirika la Mtakatifu Benedikto aliuawa tarehe 14 Agosti 1905, mwanzo wa vita vya Maji Maji, pamoja na mabradha wawili na masista wawili. Walikuwa wametoka Kilwa wakielekea Peramiho. Vita vile vilikwisha kwa njaa kuu, na vijiji vingi vikawa pori.

Wadachi walikuwa wamekwisha kuanza kutenga mapori ya wanyama kando ya Rufiji tangu mwaka 1896. Waingereza wakayaunganisha na kuyapa jina la Frederick Courteney Selous, mwindaji aliyeuawa vitani huko Beho Beho mwezi wa Januari 1917. Kisha Bwana Nyama wa Liwale, jina lake Ionides, aliusukuma mpaka wa pori uende mbali zaidi. Katika miaka ya 1940 serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu wengi wa Liwale kutoka mahali pao pa asili, kwa sababu iliyotajwa ya malale, na pori likachukua makaburi na miembe yao.

Twayasema haya kwa sababu mtu akija kijijini leo na kusema, "Tunataka kuhifadhi," mzee husikia, "Tunataka kukuhamisha." Hofu hiyo si ujinga bali ni kumbukumbu. Kiongozi wa kazi hii asiyeijua habari hiyo atashangaa kwa nini watu wanamwitikia kwa mdomo tu.

Hesabu ya kutisha

Mwaka 1976 ndovu wa Selous na nchi inayoizunguka walihesabiwa kuwa kama 110,000. Ujangili wa miaka ya 1980 uliwashusha mpaka kiasi cha 30,000. Serikali, ikisaidiwa na Ujerumani, ikabadili njia: ikaanza kuvishirikisha vijiji jirani. Mwaka 2006 ndovu walikuwa wameongezeka hata kufika kama 70,000. Kisha bei ya pembe ikapanda huko Asia, bunduki zikarudi, na hesabu ya mwaka 2013 ikaonyesha kama 13,000 tu. Mwaka 2014 Shirika la UNESCO likaliandika Selous katika orodha ya mahali pa urithi wa dunia palipo hatarini.

Niassa nako kulikuwa hivyo hivyo. Walikuwako ndovu kama 20,000 mwaka 2009. Mwaka 2016 hawakufika 4,000. Jangili aliyefukuzwa upande mmoja alivuka mto akawa huru upande wa pili. Hapo ndipo ilipoonekana wazi kwamba mlinzi anayesimama ukingoni, akimtazama mwizi akikausha nguo ng'ambo, hana ulinzi. Mwaka 2015 serikali mbili, ya Tanzania na ya Msumbiji, zilitia sahihi mapatano ya kushirikiana kuitunza nchi yote ya Selous na Niassa.

Matunda yakaonekana. Mpaka mwezi wa Mei 2019 Niassa ilipita mwaka mzima bila kuonekana ndovu hata mmoja aliyeuawa na majangili.

Kuongoza kazi ya nchi mbili

Pengine wewe msomaji wafikiri kuongoza kazi ya namna hiyo ni kupanda gari na kuwatazama wanyama kwa darubini. Kwa sehemu kubwa ni kukaa katika mikutano. Upande mmoja sheria imeandikwa kwa Kireno, upande mwingine kwa Kiingereza na Kiswahili. Daraja la Umoja juu ya Ruvuma lilifunguliwa mwezi wa Mei 2010, lakini daraja la sheria hujengwa kila siku. Heri kwamba Wayao, Wamakua na Wamakonde wako kando zote mbili za mto. Mara nyingi wazee wa ukoo mmoja huelewana upesi kuliko maofisa.

Kazi ya pili ni kuijua njia yenyewe. Watafiti waliwavisha ndovu mikanda yenye redio shingoni, wakafuata nyendo zao, na hivyo wakajua ni mabonde yapi hupitiwa. Bila habari hiyo mtu huchora mstari ofisini, na ndovu hawasomi mstari.

Kazi ya tatu ni walinzi wa vijiji. Hao ni vijana wenu, wanaolijua pori kwa miguu, nao wamo hatarini. Mwezi wa Agosti 2017 Wayne Lotter, aliyeongoza shirika lililowasaidia walinzi wa vijiji huko kusini, aliuawa kwa risasi Dar es Salaam. Mwezi wa Aprili 2025 watu wenye silaha waliivamia kambi ya Mariri katika Niassa, wakaua walinzi, maana vita vilivyoanza Cabo Delgado mwaka 2017 vimefika mpaka porini. Tuwaombee marehemu hao na wajane wao.

Kazi ya nne, iliyo ngumu kuliko zote, ni kuhakikisha kwamba faida inafika penye jasho. Tanzania ina jumuiya za vijiji za kuhifadhi wanyama: Magingo huko Liwale, Ngarambe-Tapika huko Rufiji, Nalika na Chingoli huko Tunduru, Mbarang'andu huko Namtumbo. Vijiji hutenga sehemu ya ardhi yao, na fedha za uwindaji au utalii hugawanywa. Jumuiya kama hiyo husimama au huanguka kwa kitu kimoja: hesabu kusomwa mbele ya mkutano wa kijiji.

Anayelipa ni nani?

Hapa tuseme kweli yote. Mtu wa mbali humpenda ndovu katika picha, wala picha haili mahindi. Ninyi mnajua usiku wa kulinda. Baba yuko dunguni na debe la kupigia kelele, mama yuko dungu la pili na mtoto mchanga, na kijana wa shule halali, asubuhi asinzie darasani au asiende kabisa. Kundi moja la ndovu laweza kumaliza kwa saa chache kazi ya tangu mvua za kwanza.

Tena yupo simba. Watafiti waliohesabu mashambulio tangu mwaka 1990 mpaka 2004 walikuta watu zaidi ya 560 wameuawa na simba Tanzania, na pwani ya Rufiji na Lindi ilikuwa katika sehemu zilizoumia sana. Sababu yake ni ya kufikirisha. Nguruwe mwitu huvamia shamba. Mkulima hulala shambani kuwafukuza. Simba huwafuata nguruwe, humkuta mkulima. Kwa hiyo hatari huzidi wakati wa mavuno.

Watafiti hao waligundua pia jambo ambalo yafaa kila nyumba ilijue. Mashambulio mengi hutokea tangu magharibi mpaka kama saa nne ya usiku, tena hasa katika siku zinazofuata mwezi mpevu. Siku hizo mwezi huchelewa kuchomoza, giza huwa nene mapema, na simba ana njaa kwa kuwa mbalamwezi ya siku zilizopita ilimzuia kuwinda vizuri. Basi siku kumi baada ya mwezi mpevu mtoto asitumwe peke yake jioni, wala mtu asitoke dunguni bila taa na mwenzake.

Serikali hutoa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyeumizwa au kuuawa. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi 1,000,000 kwa jamaa ya marehemu, na kwa mazao kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa eka, isizidi eka 5. Majina yenyewe yanasema: si fidia, ni kitambaa cha kupangusia uso. Kuona kwamba ni kidogo si kumchukia ndovu.

Yafaa tufanye nini?

Kwanza, limeni mashamba kwa pamoja, yapakane, msilime viraka vilivyotawanyika porini. Mashamba yaliyo pamoja hulindwa na watu wengi kwa zamu, na watoto waende shule.

Pili, jaribuni pilipili. Kamba ya katani hupakwa pilipili iliyosagwa na kuchanganywa na oili chafu, ikazungushwa shambani pamoja na vitambaa. Pua ya ndovu haipendi ukali huo. Mizinga ya nyuki iliyotundikwa kwa waya kuzunguka shamba husaidia pia, na asali ni yenu. Lakini kamba isiyopakwa tena baada ya mvua ni kamba tu.

Tatu, msitumie sumu. Sumu iliyowekwa katika tikiti kwa ajili ya ndovu huua mbwa, tai na hata mtoto.

Nne, kijiji kiwe na mpango wa matumizi ya ardhi, na njia ya wanyama ionyeshwe humo. Asiyepanga hupangiwa. Mgeni akija na fedha kununua ardhi penye njia ile, mkutano mkuu wa kijiji uwe na neno la kumjibu.

Tano, shamba likiharibiwa, pelekeni habari kwa mtendaji wa kijiji siku ile ile, na mwandikishe.

Sita, tazameni mfano ulio karibu. Wilayani Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi viliitunza misitu yao ya mpingo, vikapata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha uvunaji mwema, cha kwanza katika Afrika kwa msitu wa asili ulio mikononi mwa wanakijiji. Zamani gogo la mpingo liliondoka usiku, na kijiji kikabaki na kisiki. Siku hizi mti hupimwa, huuzwa mchana, na fedha huingia kijijini. Msitu ulio na mwenyewe haukatwi ovyo. Na mnyama je? Itakuwa vivyo hivyo siku kijiji kitakapoona kwamba ndovu aliye hai ana faida kwake.

Wajibu wetu Wakristo

Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake kwa ulimwengu juu ya kuitunza dunia, mwaka 2015, alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitengani. Kwetu hapa kusini fundisho hilo lina sura: ndovu aliyekatwa uso kwa ajili ya pembe, na mjane ambaye muhogo wake umeng'olewa usiku mmoja. Anayemhurumia mmoja na kumsahau mwingine hajaelewa.

Kazi hii si ya Wakatoliki peke yao. Katika vijiji vya pwani majirani zetu walio wengi ni Waislamu, nasi twalima bonde moja na twaogopa simba yule yule. Kidole kimoja hakivunji chawa. Baraza la kijiji likiitwa kuzungumza juu ya ardhi, msiwaachie wengine. Nendeni, na akina mama waende, maana ndio walalao dunguni.

Ninyi wazazi, waulizeni wazee njia za ndovu zilipita wapi zamani katika bonde lenu, mkawaonyeshe watoto. Na mwaka huu, kabla ya kufyeka shamba jipya, tazameni chini: kama ardhi imekanyagwa na nyayo za miaka mingi, fyekeni mahali pengine. Mtakuwa mmeokoa mahindi yenu kabla ya kuyapanda.