Mwanga wa Kaskazini, Giza la Quebec

Kijana mmoja alinisimamisha kituo cha basi. Alikuwa ameona picha za Mei 10, 2024, usiku ambao anga la Ulaya na Amerika liligeuka kijani na jekundu. Akaniuliza, “Mzee, ile si dalili ya kiama?”

Nikamjibu, hapana. Ile ni kazi ya jua. Mara kwa mara jua hutapika wingu kubwa la chembechembe zenye umeme. Wingu hilo husafiri kilomita milioni 150 na kutufikia baada ya siku moja hadi tatu hivi. Dunia yetu nayo ni sumaku kubwa, na sumaku hiyo ndiyo ngao yetu. Lakini ngao ikitikiswa, chembechembe huelekezwa kwenye maeneo ya ncha za dunia. Huko, kiasi cha kilomita 100 na zaidi angani, huigonga hewa ya oksijeni na naitrojeni, nayo ikatoa mwanga. Rangi ya kijani ni ya oksijeni. Nyekundu ni ya oksijeni iliyo juu zaidi. Tromsø, Norway, ambako jua halichomozi tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari, wageni hufunga safari kwenda kuutazama.

Uzuri huo, hata hivyo, una upande wa pili. Machi 13, 1989, saa 8:44 usiku, gridi ya umeme ya jimbo la Quebec, Kanada, ilianguka kwa takriban dakika moja na nusu tu. Watu wapatao milioni 6 walikaa gizani, kwenye baridi, kwa saa 9 hivi. Kwa nini? Sumaku ya dunia inapoyumba, huzaa umeme ardhini. Miamba ya Quebec haipitishi umeme vizuri, basi ukafuata nyaya ndefu za gridi. Transfoma zikavurugika, na mitambo ya kusawazisha umeme ikajizima mmoja baada ya mwingine.

Sisi wa redio twaijua dhoruba hiyo: stesheni za masafa mafupi hufifia ghafla, ukadhani betri zimekwisha.

Quebec walijifunza, wakafunga vifaa vya kuuzuia umeme huo. Leo setelaiti zilizo kilomita milioni 1.5 kutoka duniani hutoa onyo, mara nyingi la chini ya saa moja. Muda huo wamtosha fundi aliye macho. Aliyelala, ataamshwa na giza.