Kasha Kuukuu Kwenye Karatasi

Picha ya kasha kuukuu iliyochorwa vizuri kwa rangi za maji husifiwa kwa maneno yale yale: utadhani ni kasha lenyewe. Sifa hiyo inampunja mchoraji, kwani inamfanya kamera yenye mikono. Kati ya 1935 na 1942, nyakati za mdororo mkuu wa uchumi, serikali ya Marekani iliwalipa mamia ya wachoraji waliokosa kazi ili wachore vyombo vya zamani vya nchi hiyo. Mkusanyo wao, Index of American Design, una picha za rangi za maji zipatazo 18,000, na umehifadhiwa National Gallery of Art, Washington. Humo yamo makasha ya wakulima wa Pennsylvania wenye asili ya Kijerumani, ya mbao laini zilizopambwa kwa maua ya tulipu na mioyo, pengine na jina la mwenyewe.

Kwa nini wasipige picha kwa kamera wakamaliza? Filamu ya rangi ya Kodachrome ndiyo kwanza ilikuwa imeingia sokoni, mwaka 1935. Lakini ipo sababu nzito zaidi. Kamera hubeba kila kilicho mbele yake kwa mkupuo, hata mng'ao wa taa unaoficha rangi. Mchoraji huupitia ubao kidogo kidogo akiamua lipi ni doa na lipi ni kivuli. Pale kwenye tundu la ufunguo, mikono ya vizazi imechubua rangi mpaka mti ukajitokeza. Ili kupaonyesha, alipaka rangi nyepesi, akaiacha ikauke, akaongeza nyingine juu yake, mbinu iliyotokana na wachoraji wa mambo ya kale ya Misri. Anayeona huko ni kunakili tu hajahesabu maamuzi yaliyomo katika kipande kile kidogo.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba kasha limeng'olewa nyumbani kwake: halina chumba wala mtu, limebaki peke yake kwenye karatasi tupu. Hiyo ni kasoro ya kweli, na vipimo vilivyoandikwa kwenye fomu iliyoambatana na picha haviizibi. Ila utupu huo huo hulivuta jicho kwenye kazi ya fundi, hata likanasa alama za bikari alizokwaruza kabla ya kupaka ua. Picha hizi zinatazamwa bure kwenye tovuti ya National Gallery of Art. Ukizifungua, anzia kwenye tundu la ufunguo, kisha bawaba; maua yaache mwisho.