Gesi ya Kinyesi cha Ng'ombe: Jiko Lisilo na Moshi

  Leo tuzungumze juu ya moshi wa jikoni, na kinyesi cha ng'ombe kinachoweza kuuondoa.

Mama, ukipika kwa kuni ndani ya nyumba, macho yanawasha na kifua kinabana. Mtoto uliyembeba mgongoni anavuta moshi huo huo, na mapafu yake bado ni machanga. Ndiyo maana moshi huongeza hatari ya nimonia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka 5.

Je, tufanye nini? Kinyesi kibichi kikichanganywa na maji, kisha kufungiwa katika shimo lililojengwa ili hewa isiingie, huoza na kutoa gesi. Gesi hiyo hupita kwenye bomba hadi jikoni na kuwaka bila moshi. Tope linalobaki ni mbolea nzuri ya shamba.

Lakini mtambo huu ni kama tumbo: usipolishwa kila siku, hautoi kitu. Ng'ombe mmoja anayelala zizini huacha kilo 10 hivi za kinyesi kwa usiku. Mwenye ng'ombe 2 peke yake atapata gesi kidogo tu. Majirani 3 wenye ng'ombe 2 kila mmoja watapata kilo 60. Wataongeza maji lita 60, yaani mitungi 3 ya lita 20. Gesi yake huwasha jiko moja kwa saa 5 hivi. Wagawane zamu.

Sasa usikilize vizuri. Kiangazi kikija, mifugo huhama na maji huwa ya shida. Kwa hiyo jengeni pale tu ambapo maji yapo mwaka mzima, kama karibu na Mto Tana, na ng'ombe wa maziwa wanabaki nyumbani. Kabla ya kuchimba, kaeni chini mkubaliane: nani ataleta kinyesi, nani maji, nani atamlipa fundi.

Tahadhari ni hizi:
- Usiingie ndani ya mtambo, gesi inaua.
- Funika mashimo watoto wasitumbukie.
- Ukisikia harufu ya yai bovu, funga bomba na ufungue madirisha. Usiwashe kiberiti.
- Usitie mzoga wala mimba iliyoharibika. Tunakumbuka Homa ya Bonde la Ufa ya 2006 na 2007.
- Nawa mikono kwa sabuni baada ya kushika kinyesi.

Na kama mtambo bado, mama, pikia nje kwa kuni kavu, na mtoto akae mbali na moshi. Akihema haraka au kifua kikibonyea ndani, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.