Jina la Clementina

Clementina ni jina la wanawake wa Italia. Kulitamka si kazi kwa mtu ajuaye Kiswahili, kwa kuwa Waitalia nao hutamka kila vokali waziwazi. Wafaransa huliandika Clémentine, na msichana wa Opala, kando ya mto Lomami, akibatizwa kwa jina hilo, ndivyo linavyoandikwa katika cheti chake.

Shina lake ni neno la Kilatini, clemens, maana yake mpole, mwenye huruma. Kwanza lilizaa jina la kiume, Clemente. Halafu Waitalia wakaongeza mkia -ina, nao hulifanya jina liwe la kike, tena dogo la kupendeza, kama vile Rosa huwa Rosina. Kiswahili huweka alama ya udogo mwanzoni: mtoto, kitoto. Kiitalia huiweka mwishoni.

Lakini ni upole gani huo? Warumi wa kale hawakumwita clemens kila mtu mnyamavu. Kwao ulikuwa upole wa mwenye nguvu: hakimu, jemadari au mfalme awezaye kuadhibu, naye akazuia mkono wake. Mtu anayepigwa, asiye hata na fimbo, hakuhesabiwa kuwa nao. Seneca, mtu wa hekima, alimwandikia Kaisari Nero kitabu kizima juu ya sifa hiyo. Kitabu hakikumfaa sana mwanafunzi wake, maana katika mwaka wa 59 Nero alimwua mama yake mzazi.

Wakristo walilipenda jina hilo kwa sababu ya Mtakatifu Klementi, Papa wa nne. Yeye ndiye aliyewaandikia barua Wakristo wa Korintho, yapata mwaka wa 96, walipokuwa wakigombana na kuwafukuza wazee wao. Siku hizi hata tunda moja, ndugu wa chenza, huitwa klementina. Lakini hilo lilipata jina katika mwaka wa 1902 kwa ajili ya Bruda Clément Rodier, mtunza bustani kule Algeria.

Huku Kongo jina hilo linajulikana kwa sababu ya mwanamke mmoja. Alizaliwa karibu na Wamba katika mwaka wa 1939, kabila lake Mbudu. Wazazi walimwita Nengapeta, yaani mali hudanganya. Anuarite, maana yake anayecheka vita, lilikuwa jina la dada yake. Lilimwingia yeye siku ya kuandikishwa shuleni, daftari lilipochanganya majina. Katika ubatizo aliitwa Alphonsine. Tarehe 5 Agosti 1959, huko Bafwabaka, aliweka nadhiri kwa Masista wa Jamaa Takatifu, akapewa jina la nne: Marie-Clémentine. Akawa mwalimu wa shule.

Mwisho wa Novemba 1964 waasi walioitwa Simba waliwachukua masista wa Bafwabaka katika gari mpaka Isiro, mji uliokuwa ukiitwa Paulis wakati ule. Usiku mkubwa wao, Kanali Olombe, alitaka kumfanya Anuarite kuwa mke wake. Akakataa. Kanali akampiga vikali, na Anuarite, katika maumivu hayo, akamwambia kwamba anamsamehe, kwa kuwa hajui analofanya. Wakamchoma visu, kisha kanali akampiga risasi. Alikufa usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba. Hakuwa na bunduki wala askari, Seneca asingemhesabu. Hata hivyo usiku ule, katika nyumba ile, hakuna mwingine aliyestahili jina la clemens.

Tarehe 15 Agosti 1985, mjini Kinshasa, Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenye Heri. Katika mahubiri yake naye alimsamehe muuaji.

Kwa hiyo Clementina wa Opala ana sikukuu mbili za kuchagua: tarehe 23 Novemba, ya Papa Klementi, au tarehe 1 Desemba, ya Anuarite.