Mwendo wa Karatasi na Mwendo wa Bahari

Ukipitia orodha za manowari za Uingereza za miaka mia moja na ushei iliyopita, utakuta jambo la kushangaza. Destroya za mwishoni mwa miaka ya 1890 zimeandikiwa kasi ya noti 30, yaani maili 30 za bahari kwa saa. Zilizozifuata, za aina ya River, zilizoanza kushuliwa mwaka 1903, zimeandikiwa noti 25 na nusu tu. Chombo kipya kilizidiwa kasi na cha zamani, na bado mimi nasema River ndizo zilizofungua njia.

Kazi ya kwanza ya destroya ilikuwa kufukuza mashua za torpedo zisizifikie manowari kubwa. Kwa kutafuta wepesi, wajenzi waliziacha na omo ya chini, iliyofunikwa kwa sitaha ya mviringo ambayo mabaharia waliiita mgongo wa kasa. Ilikusudiwa kumwaga maji. Bahari ilipochafuka, omo hiyo ilijichimbia ndani ya wimbi, na maji yakawarukia nahodha na wapiga mizinga. Noti 30 zilikuwa zimepatikana katika majaribio, chombo kikiwa kitupu na maji yakiwa shwari. Ubavu nao ulikuwa mwembamba. Septemba 1901 destroya Cobra ilivunjika vipande viwili katika Bahari ya Kaskazini, na watu 12 tu wakaokoka.

River zilijengwa kwa fikra nyingine. Mgongo wa kasa uliondolewa, na sitaha ya omo ikainuliwa juu kama walivyofanya Wajerumani katika mashua zao za torpedo, mojawapo ikiwa S90. Mwili uliimarishwa, uzito ukawa karibu tani 550, na majaribio yakafanywa chombo kikiwa na shehena yake ya kazini. Kwa hiyo zile noti 25 na nusu zilikuwa za kweli: River iliweza kushika mwendo katika mawimbi ambayo yangeilazimisha destroya ya noti 30 kupunguza mvuke. Zilijengwa 34, kila moja ikapewa jina la mto, na mwaka 1909 zikanunuliwa mbili zaidi.

Si wote walioridhika. Admeri John Fisher alitaka kasi, zikajengwa destroya za aina ya Tribal za noti 33 zinazotumia mafuta badala ya makaa ya mawe. Zilikimbia kweli, lakini mafuta yake yalikwisha upesi mno.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipokuja, River zilikuwa zimezeeka, ila zilifanya kazi. Agosti 1914, karibu na Tsingtao nchini China, Kennet ilipambana na S90 ile ile. Tarehe 18 Machi 1915, katika mlango bahari wa Dardanelles, Wear iliisogelea manowari kubwa Irresistible iliyokuwa imegonga bomu la majini, ikawachukua mamia ya mabaharia huku makombora yakianguka. Mwezi uliofuata Ribble, Chelmer, Colne na Usk ziliwapeleka askari wa Australia ufukweni Gallipoli.

Destroya za Uingereza zilizofuata ziliongezwa kasi, mizinga na mafuta. Omo iliyoinuliwa haikushushwa tena, kwa kuwa mwendo usiostahimili wimbi haumfikishi baharia popote.