Baba na Mwana Watengeneza Gitaa la Umeme

Katika miji yetu na hata vijijini hakosekani kijana mwenye kutamani gitaa. Wadogo huchukua kopo la mafuta, kipande cha ubao na waya za breki ya baiskeli, wakajitengenezea chombo chao. Wakubwa hutazama gitaa la umeme dukani, husoma bei yake, kisha huenda zao kimya. Wengi hufikiri kwamba gitaa la kopo ni mchezo wa watoto, na gitaa la umeme ni kazi ya viwanda vya ng'ambo tu. Leo twapenda kuwaonyesha kwamba mambo sivyo yalivyo. Kuna watu, tena si haba, ambao saa za mapumziko huketi na mbao, sumaku na waya wa shaba, wakaunda kwa mikono yao gitaa la umeme lenye kulia vema. Miongoni mwao tumewachagua wawili, baba na mwanawe, ambao kazi yao imesikika duniani kote.

Bei isiyofikika

Huko Feltham, kandokando ya London, aliishi Bwana Harold May. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani za vyombo vya umeme katika wizara ya mambo ya ndege. Hakuwa tajiri, lakini alikuwa na mikono ya fundi: hata redio na televisheni ya nyumbani kwake aliziunda mwenyewe. Mwanawe wa pekee, Brian, aliyezaliwa mwaka 1947, alipewa gitaa la kawaida alipotimiza miaka saba.

Kijana alipokua alitamani gitaa la umeme kama wenzake. Lakini gitaa zuri kutoka Marekani liliuzwa zaidi ya pauni 100, na fedha hizo hazikuwapo. Baba angeweza kusema, «Ngoja uwe mkubwa ujinunulie.» Angeweza pia kukopa. Hakufanya hili wala lile. Mwezi wa Agosti 1963, Brian akiwa na miaka kumi na sita, wawili hao waliazimu kuliunda wenyewe. Kazi iliwachukua miaka karibu miwili, kwa zana za mkono, saa za jioni na siku za mapumziko.

Gitaa la umeme huliaje?

Kabla ya kuendelea, yafaa tufahamu jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi, maana wanafunzi wengi hudhani kwamba umeme huingia katika nyuzi. Sivyo. Chini ya nyuzi za chuma huwekwa sumaku, na kuizunguka sumaku huviringishwa waya mwembamba wa shaba, mizunguko elfu kadhaa. Uzi wa chuma ukitikisika, huvuruga nguvu ya sumaku, na mvurugo huo huzaa umeme mdogo sana katika waya. Jambo hili la sumaku kuzaa umeme lilivumbuliwa na Mwingereza Michael Faraday mwaka 1831. Umeme huo mdogo hupelekwa kwa waya hadi kwenye mashine ya kukuza sauti, nayo huupa nguvu ya kusukuma spika. Ndiyo sababu nyuzi za nailoni au za utumbo wa mnyama hazifai hapa: sumaku haizitambui hata kidogo.

Mbao za mekoni

Sasa tazama vifaa walivyotumia. Nyumba za Waingereza wa zamani zilikuwa na meko ukutani, na kuizunguka meko hiyo huwekwa mapambo ya mbao nzito. Rafiki wa jamaa yao alikuwa akitupa mbao za meko ya namna hiyo, za mkangazi, zenye umri wa miaka mia na zaidi. Katika mbao hizo Brian alichonga shingo ya gitaa. Wadudu walikuwa wamekwisha kuzitoboa. Akaziba matundu kwa njiti za kiberiti, akaendelea na kazi.

Sehemu ya katikati ya mwili wa gitaa ilitoka katika mbao za mwaloni za meza kuukuu. Pembeni waliunganisha ubao wa bei rahisi, wakaacha uwazi ndani yake, kisha wakaufunika wote kwa ganda jembamba la mkangazi. Vile vidoto vyeupe vinavyomwonyesha mpigaji mahali pa kuweka vidole vilikatwa katika vifungo vya nguo vya ganda la chaza, kutoka kikapu cha mama cha kushonea. Mkono wa chuma wa kutikisia nyuzi ulikuwa kwanza kishikizo cha mkoba wa baiskeli, na ncha yake ni kipande cha sindano ya mama ya kufumia. Springi mbili zinazoshindana na mvuto wa nyuzi zilitoka katika injini ya pikipiki ya zamani.

Asidhani mtu kwamba hii ilikuwa kazi ya kubahatisha. Nyuzi sita za chuma zikikazwa huvuta shingo kwa nguvu ya kilo arubaini hivi, usiku na mchana. Shingo isiyo imara hupinda kama upinde. Kwa hiyo walipitisha fimbo ya chuma ndani yake, ikae humo daima na kuushinda mvuto ule. Shingo hiyo haijapinda hata leo.

Hesabu kabla ya msumeno

Hapa twapenda wanafunzi wetu wasikilize kwa makini, hasa wale wanaouliza, «Hesabu yanifaa nini?» Kwenye shingo ya gitaa hupigwa vyuma vyembamba vya kugawanya sauti. Kimoja kikikosewa kwa milimita moja tu, gitaa zima hulia vibaya, wala rangi nzuri haitaliponya.

Nafasi zake hupatikana hivi. Pima urefu wa uzi usioguswa, ugawe kwa 17.817, jibu ndiyo nafasi ya chuma cha kwanza kutoka kichwani. Kisha chukua urefu uliobaki, ugawe tena kwa hesabu ile ile, upate nafasi ya chuma cha pili, na kuendelea hivyo. Gitaa la Brian lina uzi wa milimita 609.6. Basi chuma cha kwanza kipo milimita 34.2 kutoka mwanzo. Ukihesabu vema, cha kumi na mbili kitaangukia katikati kabisa, milimita 304.8, nacho hutoa sauti ile ile ya mwanzo, ila juu zaidi. Kisipoangukia hapo, jua umekosea: rudi kwenye karatasi kabla hujashika msumeno.

Hata hivyo walishindwa mahali pamoja. Vinasa sauti vya kwanza Brian aliviunda mwenyewe kwa sumaku na waya. Vililia vizuri, lakini kila alipousukuma uzi kando kwa kidole, sauti iliharibika, maana uzi ulihama kutoka sumaku moja kwenda nyingine. Hawakung'ang'ania. Walinunua vinasa sauti vitatu vya kampuni ya Burns, wakavitia gundi ngumu ili visipige kelele ya ovyo, na kila kimoja wakakipa swichi zake. Fundi mwenye akili hujua lipi lapatikana kwa subira na lipi kwa fedha.

Baba ahuzunika

Tungeweza kukomea hapa na kusifu. Lakini habari za watu wa kweli hazikomi mahali pazuri tu. Bwana Harold alilitengeneza gitaa lile kwa furaha, lakini hakukusudia liwe kazi ya mwanawe. Alimsomesha kwa jasho. Brian aliingia chuo cha Imperial mjini London, akasoma elimu ya maumbile, akaendelea kuchunguza vumbi lililo angani kati ya sayari. Mwaka 1974 aliacha masomo hayo ya juu, akaifuata bendi yake, Queen. Baba alihuzunika sana. Kwa muda mrefu mazungumzo kati yao yakawa machache. Gitaa walilolichonga pamoja, meza moja, ndilo lililowatenga.

Ni nani kati ya wazazi wanaosoma ukurasa huu asiyemwelewa? Mzazi humfundisha mtoto kupanda mti, kisha huogopa amwonapo juu. Mwana mwenyewe amesimulia kwamba wazazi walipokwenda New York kumsikiliza katika ukumbi wa Madison Square Garden, uliojaa watu hadi juu, baba alimpa mkono akakiri kwamba sasa amefahamu. Wala masomo hayakupotea: Brian aliyarudia baada ya miaka zaidi ya thelathini, akapata udaktari wa elimu mwaka 2007. Na gitaa la mbao za mekoni alilipiga juu ya paa la jumba la kifalme, Buckingham Palace, tarehe 3 Juni 2002, katika sherehe za miaka hamsini ya utawala wa Malkia Elizabeth.

Na kwetu je?

Msidhani ufundi huu ni wa Wazungu peke yao. Mjini Kinshasa, mzee Mingiedi Mawangu, aliyefariki mwaka 2015, alitaka likembe yake isikike katika kelele za barabara. Alichukua sumaku za vyuma vikuukuu vya magari, akachonga mbao, akaviringisha waya wa shaba, akapata vinasa sauti vyake. Kundi lake, Konono No 1, likaalikwa kupiga Ulaya na Marekani. Kanuni yake ni ile ile ya Faraday, na ndiyo ile ile ya Feltham.

Kijana atakaye kujaribu aanze na kidogo: kopo, ubao, uzi mmoja, na hesabu tuliyoieleza. Akifaulu hapo, ashike shingo ya mbao kavu, kwa maana mbao mbichi hupinda. Ajihadhari na jambo moja: sumaku na waya wake havina hatari, lakini mashine ya kukuza sauti iliyofungwa kwenye umeme wa nyumba yaweza kuua. Asiifungue bila fundi wa umeme.

Nanyi akina baba, mtoto akija na ubao mkononi kuomba msaada, msimwambie kwanza bei ya gitaa dukani. Mwulizeni kama amekwisha pima.