Bangi, pombe na kesi za polisi: ginsi vinafunga mulango wa kazi za siri Marekani

Familia nyingi za Kivu ziko na mutoto ao ndugu Marekani, wengi walipitia kambi za wakimbizi. Wale wamekwisha kupata uraia wanatafuta kazi katika jeshi ao katika kampuni zinazofanyia serikali kazi. Hapo wanakutana na ruhusa ya usalama: serikali inachunguza maisha ya mutu mbele ya kumupa siri zake.

Wachunguzi wanafuata kanuni 13, zilizoanza kutumika mwaka 2017. Moja inahusu pombe, moja dawa za kulevya, moja makosa ya jinai.

Bangi ndiyo inapoteza vijana wengi. Katika majimbo kama Maine, Michigan na Arizona inauzwa dukani mbele ya macho ya polisi, na kijana anasema: sheria imeruhusu. Ni sheria ya jimbo ndiyo imeruhusu. Ile ya inchi nzima haijaruhusu kuivuta kwa starehe, na ruhusa ya usalama inatoka kwa serikali ya inchi nzima. Mwenye kuendelea kuvuta haipati. Aliyevuta zamani hafukuzwi palepale: wanaangalia ni lini aliacha, alivuta mara ngapi, kama amebadilisha marafiki, kama yuko tayari kusaini kwamba hatarudilia.

Kwa pombe, kunywa si kosa. Kukamatwa unaendesha gari ukiwa mulevi, hasa mara mbili, tatu, hapo wanajiuliza kama unaweza kujizuia.

Halafu kuna fomu yenyewe, SF-86. Inauliza kuhusu dawa za kulevya kwa miaka 7 iliyopita, na kuhusu kukamatwa na polisi, hata kama kesi ilifutwa. Huku kwetu tumezoea kusema dosie ikifungwa mambo yamekwisha. Kule, kwa kawaida unapaswa kuiandika. Kwa maoni yangu hapa ndipo hatari kubwa iko, juu kosa dogo la zamani linaweza kusamehewa, lakini kulificha kwa makusudi ni kosa jipya ambalo linaweza kuleta kifungo cha hadi miaka 5.

Na yule asiye raia bado? Ruhusa hiyo kwa kawaida haimuhusu. Lakini hukumu ya dawa za kulevya inaweza kumuzuia kupata uraia, ao hata kumufanya afukuzwe inchini. Yeye aone avoka wa mambo ya uhamiaji mbele ya kusaini karatasi yoyote.